Mtani wangu kaniharibia semina

Jeniffer, yule mtani wangu Machibya sitaki kumuona tena!

Niko Kawajense, nawafundisha walimu akili ya hisia. Nimetoka kuwaambia, ukichokozwa vuta pumzi kwanza. Mkuu wa shule kakaa mbele, ndiye wa kunipa mkataba.

Machibya, naye mwalimu wa hapo, kasimama: "Huyu juzi kamrushia mumewe mwiko!"

Ukumbi mzima kicheko. MWIKO, Jeni! Mbele ya mkuu!

Najua, mtani hakasirikiwi. Nikatabasamu. Akaongeza, "Na ugali wenyewe ulikuwa mbichi."

Nikamrushia kalamu ya ubaoni. Ikampata usoni.

Kicheko kikakatika. Nani anampiga mtani wake?

Halafu lile jitu likanyoosha mkono kwa adabu: "Mwalimu, hapa ndiyo tunavuta pumzi?"