Darubini ya Ndanu

Dada Nzilani,

Huku Katelembo tuko salama. Mbaazi zimebeba vizuri na ng'ombe wa mama amezaa. Niko na ombi moja. Huko Mombasa, nitafutie darubini ya macho mawili ya kutazamia nyota. Ni ya Ndanu wangu. Tangu wafundishwe habari za nyota shuleni, hatulii.

Hanif wa duka la kamera hapa mjini amenieleza. Usichukue ile ya kuvuta mbali sana, kwa sababu mkono ukitikisika kidogo tu nyota zinarukaruka. Chukua inayovuta mara saba, yenye vioo vipana vya mbele, ndivyo vinakusanya mwanga. Yeye yuko na moja tu, na imeingia ukungu ndani.

Usiniulize kama itasaidia. Daktari wa macho alisema mtoto ataanza kukosa kuona usiku, halafu mchana, na hakuna miwani wala dawa. Ndanu hajui. Anasema nyota zimepungua kwa sababu ya mataa ya zile ploti mpya za kupangisha ng'ambo ya barabara. Juzi usiku tulitoka uani, akainua uso, akatafuta pande zote.

"Mama, hawa watu wa ploti wamezidi. Leo hata moja siioni."

Sisi tunatumia sola, kwa hivyo hakujua. Stima ilikuwa imepotea kote tangu mchana, hata kwa hizo ploti, dada. Nyota zilikuwa zimejaa mpaka juu ya vilima vya Mua.

Nikamwambia ni kweli, wamezidi.

Tafadhali, yenye vioo vipana.

Mdogo wako,
Nzembi