Usiyamwagie Maji ya Moto

Bariadi, Simiyu
Jumapili asubuhi

Mke wangu Mama Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Goti limetulia, au bado linakuamsha mvua ikikaribia? Mwanahawa anakuja Pangani kukutazama, au anapiga simu tu? Mimi nipo, ninakula, na ninasali nimekaa. Hilo la kukaa ndilo ninalotaka kukueleza. Uliposikia sauti yangu imekauka nikakwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Soma polepole mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Unamkumbuka Bwana Hamisi, mwenye nyumba wangu, mwenye mgahawa hapa mjini. Mpwa wake wa Dar alimletea tangi la kioo la samaki wa baharini, pamoja na mawe yenye matumbawe hai na mifuko ya chumvi ya kuchanganya na maji yaliyochujwa. Watu wanaokuja mnadani na ng'ombe wao hupita kunywa chai na kutazama samaki wa rangi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, iliamuliwa bila kuniuliza kwamba mimi ndiye fundi.

"Mwalimu, si kwenu huko?" Hamisi aliniambia.

Nikamjibu kwamba kwetu bahari hatuifugi.

Baadaye juu ya mawe yale kukaota kitu. Kila mtu alikiita magugu, lakini hayakuwa mimea. Vilikuwa vinyama vya kahawia, kila kimoja kama kifungo cha koti chenye nywele ukingoni, jamaa ya matumbawe. Kimoja huzaa kingine ubavuni, mpaka jiwe zima linafunikwa na matumbawe mengine yanakufa kwa kukosa mwanga. Nilimwambia Hamisi asubiri kwanza niulize wanaojua.

Minza hakusubiri. Minza ndiye mpishi wa mgahawa, mjane kutoka Kasoli, mwanamke ambaye mikono yake haijui kukaa bure. Alitoa jiwe moja, akaliweka kwenye karai jikoni, akalisugua, kisha akalimwagia maji yanayochemka. Usimlaumu. Kuku hunyonyolewa kwa maji ya moto, chombo cha maziwa kikichacha husafishwa kwa maji ya moto. Kwa nini magugu ya tangi yashindikane?

Nilikuwa nimesimama mlangoni kuomba chai.

"Mwangaluka, Mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Njoo uone magugu ya kwenu yanavyoungua."

Nikainama juu ya karai. Mvuke ulinuka kama ufuo wetu maji yakitoka. Ni muda mrefu sijaisikia harufu ile, mke wangu. Nikaivuta kwa nguvu, mara ya kwanza, na mara ya pili.

Kabla ya adhuhuri mdomo wangu ulikuwa na ladha ya msumari. Kikafuata kikohozi kikavu, kifua kikabana, nikatetemeka kwa baridi ilhali jua linawaka. Minza alikuwa hoi zaidi. Tulipofikishwa hospitali alikuwa hawezi kumaliza sentensi, na midomo imekufa ganzi. Walitupima malaria, haikuwepo. Daktari kijana akauliza tumekula nini, tumevuta nini. Nilipomtajia jiwe alitoka nje na simu yake, na aliporudi alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

Alisema baadhi ya vinyama vile hubeba sumu kali sana. Vikiwa vimetulia majini vinaweza kukaa na wewe bila neno. Ukivichemsha, sumu hupanda na mvuke ikaingia kifuani, na hakuna dawa ya kuiondoa. "Tutawasaidia kupumua, mzee, halafu tusubiri," alisema. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, na sijawahi kuliogopa neno kama nilivyoogopa hilo la kusubiri. Wodi ya wanawake iko ng'ambo ya korido. Nililala nikisikiliza kama kuna atakayelia.

Jana waliniruhusu, Minza akabaki. Kufika nyumbani nikakuta watu wamejaa uani na moto wa mabua ya pamba unawaka. Huku, pamba ikivunwa, mabua hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Hamisi alikuwa ameamua kufanya vivyo hivyo na mawe. Yalikuwa kwenye ndoo pembeni, na jirani mmoja alikuwa anaeleza kwamba ni jini wa pwani, achomwe haraka.

Nikafungua mdomo kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikaenda kukaa juu ya kifuniko cha ndoo.

"Mwalimu, toka hapo, nisije nikakuchoma na wewe," Hamisi alisema, na watu wakacheka.

Nikamvuta shati mpaka sikio lake likafika mdomoni mwangu. Nikamnong'oneza: "Ule ulikuwa mvuke wa jiwe moja. Huu utakuwa moshi wa yote, na wanao wamesimama upande upepo unakokwenda."

Aliwatazama wanawe. Kisha akachota maji pipani akazima moto mwenyewe.

Lakini mawe bado yapo. Mpwa wake anasema yatupwe mtoni, na huko watu wanachota maji na ng'ombe wanakunywa. Daktari ameeleza njia: yalowekwe kwenye maji yenye klorini ya kufulia, ndoo ifunikwe, bila kusugua, bila moto. Amenipa glovu, barakoa na miwani. Hamisi amejaribu kuzivaa, akazivua na kunirudishia. Nitafanya mimi, leo. Ninaogopa, na mwandiko huu unauona mwenyewe. Nimetaka likitokea lolote ulijue kutoka kwangu, si kwa maneno ya watu.

Alasiri

Nimerudi mezani. Niliyashusha moja moja kwenye ndoo ya klorini, upepo ukiwa mgongoni kwangu, nikafunika. Halafu nilikwenda kumwona Minza. Ametolewa mpira wa oksijeni, ingawa bado anapumzika kila baada ya maneno machache. Akaniambia, "Mwalimu, sisi huku tunaogopa fisi. Lakini fisi angalau hupiga kelele kwanza." Nikacheka, naye akacheka, lakini kicheko kilimletea kikohozi, na muuguzi akaja mbio.

Mkataba wa shule unaisha muhula huu. Sitaomba mwingine.

Nisalimie binti yetu Mwanahawa na mumewe, shemeji yangu anayetuswalisha msikitini, na shangazi yangu aliyenilea. Yeye mwambie tu kwamba mafua yamepona. Mungu akulinde mpaka nifike mlangoni kwako.

Mumeo,
Athumani

Tangu nilipofunika ndoo sijakohoa. Bado nakisikiliza kifua.