Pima Geji Kwanza

Wambui wangu,

Huku Murera tuko salama. Baba yako amepaka nyumba rangi ya kijani na mimi nimekataa kuizoea.

Unasema injini ya hiyo gari ya zamani umeifunga upya mwenyewe, na sasa ikipata moto geji inaonyesha presha ya oili inashuka, unataka kuifungua tena. Ngoja kwanza.

Nikiwa fundi kijana Thika, presha ya injini yangu ilishuka hivyo hivyo. Niliifungua injini mara mbili, nikakuta pampu na beringi ni nzima. Cucu wako, bibi yako uliyepewa jina lake, alikuwa akichuma kahawa Ruiru. Alinikuta nimekaa chini nimejaa oili, akauliza, "Na hiyo geji yenyewe umeipima?" Kwao, kabla kahawa haijapimwa, mama yake alikuwa akiweka pakiti ya sukari ya kilo mbili kwenye mizani kuona kama inasema kweli, karani akasirike asikasirike.

Niliazima geji nyingine, nikaifunga kwenye injini ikiwa moto. Presha ilikuwa sawa. Nawe azima. Hiyo nayo ikisoma chini, hapo sasa fungua.

Niliweka geji mpya, lakini ile mbovu Cucu alikataa niitoe, eti inamchekesha. Hata sasa, tangu atuache, nikiwasha gari Jumapili, injini ikipata moto mshale wa geji hiyo unaanguka, nami nageukia kiti cha Cucu nimwambie, "Inadanganya tena."

Niandikie geji imesema nini, Wambui. Siku hizi hapa hakuna mwingine wa kuita kwa hilo jina.

Guka, babu yako