Baba Hali Kiporo, Nami Ndiye Ninayempa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na nianze na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: baba yangu, aliyeapa kwamba hatakula kiporo maisha yake yote, amekula kiporo karibu kila siku kwa wiki saba sasa, na ni mimi ninayempa.

Nimemaliza shule mwaka huu. Wenzangu walizawadiwa simu, mimi mama mdogo akaniletea mashine ya kufungia chakula, ile unayoiwekea mfuko, inanyonya hewa yote halafu inauchoma mdomo wa mfuko ukazibika, nikashukuru kwa adabu nikaiweka juu ya kabati. Kisha mama akaenda kumuuguza bibi, jiko likabaki mikononi mwangu, na baba ni seremala anayerudi kula mchana na jioni, na kila mlo lazima uwe umepikwa saa hiyo hiyo, maana yeye alilelewa kwa watu, akawa anakula baada ya wote kushiba, mabaki ya sahani zao yakikusanywa kwenye sufuria moja, na siku alipopata nyumba yake alisema, "Nyumba hii haili jana."

Mwanzoni nilijitahidi, lakini maharage hayajui kwamba mtu ana haraka, nikawa naamka na jiko nalala na jiko, ndipo nikaishusha ile mashine. Siku ya kwanza ilinyonya mchuzi badala ya hewa, nikapiga deki jiko zima, nikajifunza kwamba chakula cha majimaji unakigandisha kwanza kwenye bakuli ndipo unakifunga. Sasa napika sufuria kubwa mara mbili kwa wiki, na kabla mimi au wadogo zangu hatujachovya kijiko natenga mifuko ya baba, zile nyama nzuri nzuri, naandika "Baba" na tarehe, naificha kwenye friza chini ya barafu. Yeye huonja, akafumba macho, akasema, "Mama, mchuzi wa leo umetulia. Umeamka saa ngapi?" Nami najibu, "Mapema, baba," nikitazama meza.

Juzi nilimpelekea maji karakanani nikamkuta anajigamba, "Binti yangu hajanilisha jana hata siku moja!" Mwenzake akamjibu, "Mwenzio nala wali wa juzi, na nikinuna nanyang'anywa sahani." Wakacheka wote, baba akacheka kuliko wote, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kilichonifanya niandike ni duka la vyombo ninakonunua mifuko. Wiki iliyopita mteja alikuwa akimfokea mwenye duka kwamba mashine aliyouziwa haifungi, na mimi, ambaye darasani nilikuwa najibu kwa kunong'ona mpaka mwalimu anasogea, nikajisikia nasema, "Mama, futa mdomo wa mfuko, una mafuta." Akafuta, ikafunga. Mwenye duka akanitazama sana, kisha akasema nianze kazi tarehe mosi, nisimame mlangoni niwaonyeshe wateja namna ya kuitumia. Naitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote, lakini duka linatazamana na karakana ya baba. Nikikubali ataona na ataelewa, na atadhani nimemrudisha kwenye ile sufuria ya makombo. Nikikataa nitarudi kunong'ona.

Tena kuna jingine. Siku moja nilifunga maharage yangali vuguvugu, nikausahau mfuko rafu ya chini ya friji, nikaukuta umefura kama shavu lenye jino bovu. Niliutupa, lakini tangu hapo baba akikohoa tu nakimbilia friza kukagua mifuko.

Ukiichapa barua hii usitaje jina langu. Na nyinyi mnaoisoma, kama mnamjua seremala anayejisifia mapishi ya binti yake, nawaomba sana, msimwambie.

Msomaji mwenye haya

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye maharage yaliyofura, kwa hiyo tuanzie hapo. Kutupa ulifanya vizuri. Kufunga chakula cha vuguvugu ulikosea. Mashine yako inatoa hewa, haiui vijidudu, na wamo wanaofurahia kukosa hewa. Pakua kwenye vyombo vipana kipoe upesi, yasipite masaa mawili kabla hakijaingia friza, wala si rafu ya chini. Kiyeyuke ndani ya friji, si mezani, kisha ukichemshe mpaka kitokote, na kitakachobaki hapo hakirudi tena kwenye barafu. Mfuko uliofura hauonjwi, unatupwa. Baba akikohoa, mwanangu, ni vumbi la mbao.

Sasa tuje kwenye uongo, maana "Mapema, baba" ni uongo, hata ukiusema ukitazama meza. Baba yako hakuwa na hiari ya chakula alipokuwa mtoto. Alipokuwa mtu mzima alijiwekea sharti moja tu, nawe umelivunja bila kumuuliza, mara mbili kwa siku. Najua ulichoka. Ungesema umechoka. Hilo utaliombea msamaha, na msamaha wako usiwe na "lakini" ndani yake.

Ila umeandika jambo moja kama la kupita njia, nami nimelisoma mara tatu: mifuko ya baba unaitenga kabla mtu hajachovya kijiko. Binti, makombo ni kile kilichowashinda wengine. Kilichotoka sufuriani kwanza si makombo, hata kikae mwezi kwenye barafu.

Kazi usiikatae. Mtu aliyepata sauti yake dukani asiirudishe dukani. Lakini usimngoje baba aione habari hii ng'ambo ya barabara, wala usimpelekee karakanani mbele ya yule mla wali wa juzi. Gazeti linatoka Ijumaa na tarehe mosi ni Jumatatu. Nasikia mafundi huanzia ukurasa wa nyuma, kwenye mpira, halafu ndipo wanarudi huku kwetu. Muda unao, ila si mwingi.

Jumamosi mpikie chakula kipya, na kabla hujapakua mwite jikoni. Sema, "Baba, nimekukosea," umwambie ni wiki ngapi. Kisha mwambie kuhusu kazi, kwa sauti ile ile uliyomwambia mama wa mfuko wenye mafuta. Atanuna. Mwache anune, seremala ndiye anayejua kwamba ubao mbichi haukauki kwa siku moja. Akisema hataki tena cha friza, ni haki yake: utampikia kipya, na vya friza mtakula wewe na wadogo zako, na mama akirudi mtagawana jiko.

Halafu, kabla hajatoka jikoni, ondoa barafu, uchukue mfuko mmoja umpe mkononi. Usimweleze mashine, usijitetee. Kule alikolelewa alisubiri sahani za watu wote, na sidhani kama kuna siku alishika chakula kilichoandikwa kuwa ni chake kabla wengine hawajala.

Mwache asome.