Kofi la Mpishi

Suna, Jumapili, 14 Agosti 1994

Bado siamini.

Baba amekuja kututembelea kutoka Lambwe, na leo mchana televisheni ilirudia vichekesho vya zamani. Akatokea yule mpishi mjinga anayeunguza mchuzi. Tajiri anamzaba kofi, naye anaanguka na sufuria yake. Nilicheka mpaka machozi. Kichekesho hicho nakijua tangu utotoni, kabla sijaona televisheni. Baba alikuwa mpishi Nairobi, na kila akija likizo alituigizia chote, pamoja na kule kuanguka.

Nikageuka ili nicheke naye. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Kiti chake kitupu.

"Baba, si ukae?"

"Hii nimezoea kuiangalia nikiwa nimesimama," akasema. "Mzungu niliyempikia alikuwa ananiita kutoka jikoni nije nione. Yeye na wageni wake wanaangalia TV kidogo, halafu wananiangalia mimi."

"Na wewe ulicheka?"

"Ningefanya nini, wuoda, mwanangu? Nilicheka. Siku moja mchuzi ukaungua kweli, na wageni wako mezani. Akanizaba vile vile kama kwa TV. Nikaanguka. Wakacheka, wakasema nirudie."

Mke wangu alizima TV. Mimi nilibaki tu nimekaa, mtu mzima mwenye watoto.

Sasa Baba amelala, na mimi nakumbuka jambo moja tu. Sisi watoto wake tulikuwa tunamvuta shati: rudia, Baba, rudia kuanguka!

Na alikuwa anarudia.