Chemba Hajaangalia

Baba, shikamoo.

Najua marahaba haitakuja, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe. Toka uondoke nakusemesha kichwani tu, jikoni, kwenye foleni ya zahanati, njiani nikitoka sokoni. Wapita njia wananiona midomo inacheza, wanadhani nimeanza kurukwa na akili. Leo nimeona niandike, labda nikimaliza nitatulia.

Mama hajambo. Bado yumo edani, chumba cha ndani, nyuma ya lile pazia la maua ulilokuwa unasema linakuumiza macho. Anakula kidogo kidogo. Jana kala ugali wa muhogo na samaki, mgebuka, nikashukuru Mungu. Shamba la Simbo sikufichi, nguruwe pori wamelimaliza. Wamejua mwenye bunduki hayupo.

Televisheni ipo palepale, na kiti chako hakuna anayekikalia. Mimi bado nakaa upande wa kulia, upande wa sikio lako zima. Lile la kushoto ulilimaliza kwenye viwanja vya shabaha ukiwafundisha askari wa wanyamapori kushika silaha, na mpaka nimekuwa mtu mzima nilizoea kukunong'oneza upande mmoja tu. Sasa nakaa hapo na sina wa kumnong'oneza.

Ile tamthilia ya wapelelezi inaendelea. Yule mtaalamu wa silaha wa koti jeupe, uliyekuwa humpendi, kapandishwa cheo. Ungekuwepo ungezima umeme wa nyumba nzima. Unakumbuka alivyonusa mdomo wa bastola akatamka kwamba imepigwa saa mbili zilizopita? Ukasema, "Huyu pua yake ina saa?" Na siku ile alipookota silaha kwa kuingiza kalamu kwenye mtutu, uliweka chini kikombe cha chai kama mtu aliyetukanwa. Halafu ile tabia yao ya kukoki bunduki kila wakitaka kumtisha mtu. Mara ya kwanza sawa, risasi imeingia. Mara ya pili ile ya kwanza ilitakiwa iruke nje, iko wapi? Ulikuwa unainama kweli kuitafuta chini ya meza, mama anasema, "Mzee, mwache mwenzio naye atafute riziki yake." Wakipigana risasi ndani ya gari kisha wakaongea kwa kunong'ona, ulikuwa unajishika sikio la kushoto na kucheka peke yako.

Lakini hayo yote ulikuwa unayasamehe. Ambalo hukusamehe ni moja. Mtaalamu anachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, anaiweka mezani, anasema silaha iko salama, anaanza kuizungusha mbele ya wenzake. Hapo ulikuwa unasimama. "Chemba! Chemba hajaangalia!" Magazini ukiitoa, ulituambia, ile risasi iliyokwisha kupanda kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, inabaki inakungoja. Watoto wa mtaa walikuwa wanakusikia dirishani, ndiyo maana Ujiji nzima wakakuita Babu Chemba, na wewe ukajifanya hulipendi jina.

Sasa nisikilize, baba, maana hili ndilo limenifanya nishike kalamu.

Baada ya arobaini tuligawa vitu vyako. Kanzu zako alichukua mjomba, redio kachukua kaka Athumani, mimi nimechukua ile miwani yako iliyofungwa uzi. Ikabaki bunduki ya shamba. Polisi walishatuambia tuisiguse, wangekuja wenyewe jioni kuichukua na kibali chake. Wewe unamjua Athumani. "Tusiiguse kwani nyoka?" Akaitoa kabatini, akaifuta vumbi kwa fulana. Ametazama tamthilia zile na wewe tangu nywele zako zikiwa nyeusi, ila yeye alikuwa anamtazama mtaalamu, hakuwa anakusikiliza wewe. Akachomoa magazini, akaiweka mezani. Akasema, "Tupu hii." Akaweka kitako begani, akafumba jicho moja, mtutu umeelekea kwenye pazia la maua.

Nyuma ya pazia mama alikuwa anavuta tasbihi. Nilikuwa nazisikia punje zinavyogongana.

Kidole chake kilikuwa kimeshaingia kwenye triga. Mimi sikupiga kelele. Nilisema tu, "Kaka, chemba." Sauti ilitoka ya kwako, sijui nikuelezeje. Athumani akacheka, akasema bunduki ya baba hii, si ya wale wajinga wa kwenye televisheni. Lakini akashusha mtutu, akavuta bolti, lile komeo la chuma, nyuma ili anionyeshe nilivyo mwoga.

Risasi ikaruka. Ikaangukia mkekani, ikabingirika mpaka mguuni mwa kiti chako, ikatulia hapo.

Athumani akakaa chini palepale. Akasema, "Hili tusimwambie mtu. Mzee kafundisha silaha maisha yake yote, leo waseme alisahau risasi kwenye chemba?" Nikakubaliana naye, baba. Nikaiokota nikaifunga kwenye pindo la khanga, ikawa nzito pale kiunoni kuliko ilivyo.

Baada ya alasiri akaja afande Sadiki, mwanafunzi wako wa zamani, yule mrefu aliyebeba jeneza mpaka mwisho bila kupokewa. Siku hizi ni polisi. Akaamkia, akampa mama pole kwa nje ya pazia, akaipokea bunduki kwa mikono miwili. Akafungua mfuko wake akaanza kuitumbukiza. Athumani akamuuliza kwa kumpima kama hakagui. Afande akasema, "Ya mwalimu wangu hii. Nikiikagua nitakuwa namvunjia heshima."

Chemba wakati ule ilikuwa tupu. Ningeweza kunyamaza, bunduki ikaenda zake na jina lako likabaki safi. Athumani alikuwa ananikazia macho ninyamaze. Lakini nikawaza, huyu kesho atakwenda Mwandiga, keshokutwa Kagunga, nyumba nyingine yenye msiba, silaha ya mzee mwingine wa kuheshimika, na ndani kuna watoto. Heshima yake kwako ndiyo itakayoua mtu. Nikafungua pindo la khanga, nikamwekea ile risasi kiganjani. Nikamwambia, "Mwalimu wako aliiacha humo. Kagua."

Kisha akaitoa bunduki mfukoni, akaelekeza mtutu ukutani, akafungua bolti, akachungulia, akaingiza na kidole, kama ulivyokuwa unatuonyesha. Machozi yalikuwa yanamtoka na kazi inaendelea. Alipomaliza akasema, "Afadhali umeniambia, dada."

Alipoondoka Athumani akanigeukia, alitaka kunisema. Mama akamkatisha kutoka ndani. Tulijidanganya kwamba hakusikia. "Baba yenu alikuwa anaumwa," alisema. "Tangu Ramadhani alikuwa ananiuliza mimi ni nani. Namwambia, anashukuru, kesho anauliza tena. Akaniomba msijue."

Hapo ndipo nilipolia. Kwenye msiba sikulia vile, waulize majirani.

Maana nilikumbuka. Ule mwezi wa mwisho mtaalamu wa koti jeupe alichomoa magazini akaiweka mezani, nikasubiri usimame, hukusimama. Nikasema mimi kwa utani, "Chemba, baba, chemba hajaangalia." Ukanitazama kwa upole sana, ukaniuliza, "Chemba gani?" Nikacheka. Nilidhani unanitania, wewe ulivyo. Kumbe ulikuwa unauliza kweli, na ulikuwa unaogopa, na siku chache tu nyuma ulikuwa umerudi kutoka Simbo na bunduki, ukaiegemeza kabatini ukasema utaisafisha kesho. Kabla ya hapo hukuwahi kulaza bunduki chafu maisha yako yote.

Nimekukasirikia, baba, siwezi kukuficha. Ningeweza kumzika mama kwa kosa la mkono wako. Usiku huo sikuweza hata kukuombea dua. Asubuhi hasira zikaisha, ikabaki huruma, nikakufikiria ulivyokaa kwenye kile kiti unatazama watu wakikosea, na hukumbuki tena wanakosea nini.

Ulikuwa unawaambia wanafunzi wako, afande kanikumbusha, kwamba hukagui kwa kuwa humwamini mwenzio, unakagua kwa kuwa hujiamini wewe. Basi kwenye hitima, mama akitoka edani, watakaposimama kukusifu kwamba hukukosea hata siku moja, nitaomba niseme. Nitawaambia ulisahau. Nitawaambia na sababu yake, kwa ruhusa ya mama, na kwamba tuko hai kwa sababu ulitufundisha kutokuamini hata wewe. Athumani kakubali. Ila kaomba nisiseme ni yeye aliyeshika bunduki, nikamwambia hilo tutaona.

Haya, nenda salama, mzee wangu. Wajukuu wako wamekaa hapa mkekani, tamthilia inaanza, na yule wa koti jeupe keshachomoa magazini. Wamepiga kelele wote kwa pamoja kabla yangu.

Wewe lala. Chemba nimeangalia mimi.

Mwanao,
Zuhura