Gia ya Marehemu Kiprono

Jumanne

Bado naziona zile pedali. Jioni Kipngeno, mume wangu mtamu, alikuwa akisukuma baiskeli ya marehemu ndugu yake kando ya shamba la chai, nazo zikizunguka zenyewe kana kwamba mtu ameikalia. Ndivyo ilivyoundwa, bila breki: gurudumu likienda, pedali hazisimami.

Alitaka kuiacha na gia ya nyuma ya Kiprono, ile ndogo ya meno kumi na tano, inayokimbia sana. Ndiyo hiyo Kiprono alishindwa kuizuia kwa miguu kwenye mteremko wa Kimulot, akaanguka akafa. Nikamsihi aweke ya meno ishirini.

"Chebet, unataka hata wabeba maziwa wanipite?"

"Wakupite wote, mpenzi. Mradi ufike kwangu."

Akacheka, akaibadilisha. Jamani, nampenda huyu mtu!

Lakini ile ndogo ameitundika juu ya kitanda chetu. Anasema siku mtoto wetu atakapotajiwa majina ya wafu, akipiga chafya kwa jina la Kiprono, basi Kiprono amerudi ndani yake, na gia itakuwa yake.

Sijamwambia bado kwamba nina mimba.